Mchanga Katika Tangi la Hezroni

Maiti ya Hezroni ilikutwa asubuhi ya siku ya gulio, juu ya changarawe za ufukwe wa Lyulilo, kando ya ziwa. Kichwa na kifua vilikuwa nchi kavu. Miguu ilikuwa majini, ikitikiswa na viwimbi. Wa kwanza kumwona walikuwa wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa pwani ile, waliokuwa wakiteremsha vyungu kutoka mtumbwini. Jua huchelewa upande ule kwa sababu ya milima, lakini Inspekta Jovina alipowasili kwa gari kutoka Kyela, lilikwisha kupanda na kumkausha marehemu shati mwilini.

Mtuhumiwa naye alikwisha kupatikana. Mvuvi Asajile alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya kibanda cha gulio, mdomo umevimba.

"Nani amemfunga?" aliuliza Inspekta.

"Wananchi, afande," alijibu Sajini Lutengano, mzaliwa wa pwani ile ya ziwa. "Jana alimwambia marehemu mbele ya kadamnasi, 'Ziwa hili litakumeza.' Leo limemmeza. Watu wamejumlisha."

"Mfungueni kamba, mtieni pingu. Kamba ni ya mbuzi."

Sajini akatii, kisha akashusha sauti. "Mkuu wa wilaya amepiga simu ya upepo. Mtuhumiwa apelekwe mahabusu Mbeya kwa gari la mchana. Kosa ni mauaji."

Inspekta Jovina akatazama saa yake. Alijua, kama ajuavyo kila askari, kwamba kosa la mauaji halina dhamana. Mtu akishaingia mahabusu kwa kosa hilo, mtumbwi wake huoza ufukweni kabla hajasomewa shauri lake. Basi muda aliokuwa nao ni ule uliobaki kabla ya mchana.

Akapiga magoti penye maiti. Shati lilikuwa la buluu iliyokolea. Ukosini na mabegani palikuwa na mistari myeupe, imejipinda kama ramani ya mito. Nyweleni mlikuwa na chembe zilizometa. Inspekta akagusa ukosi kwa ncha ya kidole, akakitia ulimini.

"Sajini, maji ya ziwa hili yana chumvi?"

"Hapana, afande. Tunayanywa, tunayapikia."

"Onja ukosi huu."

Lutengano akarudi nyuma hatua moja. "Ukosi wa maiti, afande?"

"Basi niamini mimi. Niliwahi kufanya kazi Tanga, na hii ni chumvi ya bahari."

"Huenda ni jasho."

"Jasho hushika kwapani na mgongoni. Chumvi hii imeshika nywele, ukosi na mabega, ikaishia kifuani. Mtu huyu alitumbukizwa kichwa, wala hakutumbukizwa ziwani. Miguu ililetwa majini baadaye, ili macho yetu yaridhike."

Daktari wa hospitali ya jirani aliyeitwa kuikagua maiti alikubaliana naye: marehemu alikufa maji, na maji yaliyomtoka kinywani yalikuwa makali kwa chumvi. Uchunguzi kamili ungefanywa hospitalini.

Inspekta akamwendea Asajile.

"Ulimtisha marehemu?"

"Nilimtisha, mama. Samaki wanaelea matumbo juu kule miambani. Mtoto wa dada yangu aliwala, akatapika usiku kucha. Nani anayehitaji samaki wa miambani, kama si yeye anayewauza Ulaya?"

"Ulimuua?"

"Atakaye kuua hatangazi gulioni, mkesha wa siku ya vyungu. Ningekuwa mpumbavu, angalau ningekuwa mpumbavu wa kimya."

Mgambo mmoja akacheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akanyamaza.

"Sajini," Inspekta alisema, "Lyulilo pana maji ya bahari?"

"Mahali pamoja tu, afande. Sebuleni kwa marehemu."

Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye akili na ujasiri alitafuta kibali cha jambo. Hezroni alipata kibali cha kusafirisha samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya ziwa. Wanunuzi wa ng'ambo walipotilia shaka kama samaki wake wangefika hai, akajibu kwa vitendo. Aliagiza madumu ya maji ya bahari kutoka Dar es Salaam, yakaja kwa reli hadi Mbeya na kwa lori hadi ziwani, pamoja na samaki wa bahari ndani ya mifuko ya plastiki. Akawaweka hai katika tangi la kioo, mbali na pwani mwendo wa nchi nzima. Aliyeliona tangi hilo hakumuuliza tena swali.

Mlangoni walipokelewa na Lazaro, mshirika wa marehemu katika biashara. Alikuwa amejifunika leso shavuni na mdomoni.

"Poleni na msiba," alisema Inspekta.

"Tumeshapoa, afande. Samahani kwa leso. Jino linaniuma."

Uani palikuwa na matangi ya samaki wa ziwa, yote yametandikwa mchanga, maana baadhi ya samaki hao huchimba viota chini. Sebuleni lilisimama tangi la bahari. Maji yake yalikuwa na ukungu. Samaki walikuwa wamepanda juu wakihema. Mmoja tu, mwenye miiba ya sumu na mapezi yaliyochanua kama mkia wa tausi, alibaki chini kando ya mawe. Pampu ilikuwa kimya. Na sakafu ya tangi ilifunikwa kwa mchanga wa kijivu.

"Pampu mbona imezimwa?"

"Heshima ya msiba, afande. Inapiga kelele."

"Jenereta inanguruma nje, nayo haina heshima?"

Lazaro akaibana leso shavuni.

"Mchanga huu uliwekwa lini?"

"Tangu tangi lilipoundwa. Samaki bila mchanga ni sawa na mtu bila kitanda."

Inspekta akainama hadi jicho lake likawa sawasawa na kioo. Mawe hayakukalia mchanga. Yalikalia kichanja cha mabomba meupe ya plastiki, na miguu ya kichanja ilikuwa imezama mchangani. Akajiuliza: mtu ajengaye kichanja ili mawe yasiguse sakafu, atakifukiaje tena kichanja hicho?

"Mwiteni mjane."

Marta akaja akiwa ameshikwa mkono na wanawake wawili.

"Ugonile, mama," Sajini alimsalimu kwa lugha ya kwao.

Marta akasimama ghafla. Macho yake yalikuwa kwenye tangi. "Nani ametia mchanga humo?"

"Mumeo hakuutia?" Inspekta aliuliza.

"Hezroni? Asingeruhusu hata punje. Alisema samaki wa bahari hawavumilii uchafu, na mchanga kazi yake ni kuuficha uchafu mpaka ugeuke sumu. Aliacha kioo kitupu. Mawe akayainua, pampu akaipa nguvu ili ipeperushe taka zote hadi pembeni, kisha akazinyonya kwa mpira kila asubuhi na kila usiku. Alikuwa akiniambia, 'Marta, chini ya tangi langu hakuna siri.' Mimi nilimcheka. Nilimwambia ameoa samaki."

Wanawake wakamkalisha.

"Sajini, washa pampu."

"Afande, utawaua samaki," Lazaro alisema haraka.

"Wanakufa tayari. Washa."

Pampu ikakohoa, kisha ikashika. Ilikuwa imepangwa kwa sakafu tupu, na nguvu yake haikuwa na subira na mchanga. Wingu zito likainuka na kujaza tangi. Sasa ikawa dhahiri kwa nini ilizimwa. Wote wakasimama wakitazama, isipokuwa Lazaro, ambaye alikuwa akitazama mlango. Sajini akausogelea mlango huo, akauegemea.

Mkondo ukapita chini ya kichanja, ukafagia, ukaacha kioo cheupe. Kitu kidogo kikabingirika kutoka uvunguni mwa mawe, kikagota pembeni mahali taka zote zilipozoea kukusanyika. Inspekta akauchukua mpira wa marehemu, akautumbukiza, akanyonya, akaelekeza maji kwenye ndoo. Kitu kile kikalia ndani ya ndoo: jino la bandia, na kibanio chake cha waya.

"Bwana Lazaro, ondoa leso. Fungua kinywa."

Leso ikashuka. Pengo lilikuwa wazi, na mdomo wa juu umepasuka.

"Lazaro, unatuhumiwa kwa mauaji ya Hezroni. Hulazimiki kusema neno. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutolewa mahakamani kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Akakaa chini, mgongo ukutani. "Nilikuwa nimekwisha kumzamisha ndipo nikalihisi pengo. Alinipiga kiwiko alipokuwa akijitahidi. Nikatazama, jino liko chini, linang'aa kama taa, mahali ambapo hakuna cha kulifunika. Liliingia uvunguni mwa mawe. Samaki yule wa miiba alikuwa palepale. Sikuthubutu kutia mkono."

"Ukachota mchanga uani."

"Nilijua kila tangi huku lina mchanga. Nikasema, askari wa Kyela atajuaje?"

"Kwa nini ulimuua?"

Lazaro akamtazama Marta, kisha akayaondoa macho. "Mimi ndiye niliyetia dawa miambani. Dawa ya mashambani, kidogo kidogo, ili samaki walewe na kukamatwa upesi. Hezroni hakujua. Jana Asajile alipomtukana gulioni, Hezroni alirudi nyumbani akawapasua samaki niliowaleta, mmoja mmoja. Akaona. Usiku, Marta amelala na jenereta inanguruma, akaniambia, akiwa ameinama anasafisha tangi lake, 'Kesho tutasimama gulioni wewe na mimi. Nitamwomba Asajile radhi, nawe utasema ulichofanya.' Hakupandisha sauti. Hakugeuka hata kunitazama."

"Ukamsukuma."

"Mama yangu anauza vyungu katika gulio lile, afande. Angemwuzia nani baada ya hapo? Mtoto aliyetapika anamwita bibi. Nilitaka tu anyamaze."

"Na Asajile?"

"Nilipombeba marehemu usiku hadi ufukweni, Asajile alikuwa amekwisha kujitangaza mwenyewe."

Inspekta Jovina alifunga maelezo, akayatia sahihi, akamtuma Sajini aifute amri ya kumpeleka Asajile Mbeya. Gari la mchana liliondoka na abiria mwingine, Lazaro.

Maiti ilikuwa imepelekwa hospitalini, na wanaume wa kijiji walikuwa wameanza kuchimba kaburi nyuma ya nyumba. Inspekta akamleta Asajile uani, akamfungua pingu mbele yao wote.

"Ulisema kweli juu ya samaki," alimwambia. "Ulikosea mtu. Marehemu alikuwa amekusudia kuja gulioni leo, akuombe radhi hadharani."

Asajile akasugua vifundo vya mikono. Kisha akamwendea Marta, akachuchumaa mbele yake kama inavyompasa mtu aliyeingia msibani.

"Mama, nilimwapiza mumeo."

"Nilisikia," Marta alisema. "Na yeye alisikia. Ndiyo sababu akawapasua wale samaki." Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. "Udongo ule ni mgumu. Kachimbe."

Asajile akaokota jembe. Waliokuwa shimoni ni walewale waliomfunga kamba asubuhi. Walimtazama akija, wakasogea upande mmoja, wakampa nafasi.