Aliyesikia Kutoka Siti ya Nyuma

Kilichoanza ni kiti. Asubuhi ya kwanza Bosi alifungua mlango wa gari lake, akaingia kwa mbwembwe za mtu anayejua kwamba majirani wanachungulia, na miguu yake ikaning'inia bila kufika kwenye pedeli. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudi nyuma mpaka mwisho, na kioo cha kati kimeelekezwa kwa macho ya mtu mrefu. Bosi alikuwa mfupi, jambo ambalo halikuwa siri kwa yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Akabonyeza kitufe, kiti kikasogea mbele taratibu.

"Magari ya wakubwa yana maringo yake," akajisemea.

Kesho yake kiti kilikuwa kimerudi nyuma tena, na ndani kulinukia dawa ya kuchua magoti.

Huyu Bosi hakuwa bosi wa mtu. Aliuza sofa na makabati katika duka la tajiri mmoja, na wenzake walimpachika jina hilo kwa ajili ya tai zake na mdomo wake. Mdomo alikuwa nao. Angekuuzia sofa ya plastiki ukaondoka unapapasa ngozi ya ng'ombe. Kiapo chake kilikuwa kimoja tu, "Kwa uhai wa mwanangu," na mwana mwenyewe alikuwa mmoja tu, binti wa chekechea waliyemwita Chiriku kwa sababu hafungi kinywa. Hakuna kitu duniani Bosi alichokipenda kumshinda mtoto huyo. Ila kiapo kilishauzoea ulimi, kikawa kinajitokea chenyewe.

Kwa miaka mingi alikuwa akiliota gari kubwa la kifahari la kupanda milima, lenye siti za ngozi, paa la kioo na springi za upepo zinazoliinua na kulishusha. Jipya lilikuwa ndoto ya mchana. La zamani lililotumika, kwa mfuko wake, lilikuwa nusu ndoto. Ndipo akasikia kuna mjane anauza gari la marehemu mumewe.

Rafiki yake, fundi waliyemwita Spana, alilikagua juu na chini akamnong'oneza, "Hili halina tatizo hata moja. Mzee alilitunza kama mboni ya jicho." Bosi akamkonyeza. Spana akarudi kwenye boneti, akachomoa fyuzi, akalegeza waya, na gari lililokuwa likinguruma kwa upole likaanza kukwamakwama na kuwasha taa nyekundu kwenye dashibodi.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, mwanawe mdogo amemshika gauni.

"Giaboksi imekwisha, mama," Bosi alisema kwa huruma ya kuazima. "Springi zinavuja. Na breki..." Akamwekea yule mtoto mkono kichwani. "Breki hizi zitakuja kuua mtoto. Kwa uhai wa mwanangu, nakwambia kama dada yangu."

Mjane akamvuta mtoto wake karibu. Hakubishana bei tena, akaliachia kwa bei ya kutupa. Walipofika njia kuu Spana alirudisha fyuzi na kukaza waya, wakaendelea na safari wakicheka, na katikati ya kicheko kuna mtu akasafisha koo siti ya nyuma. Kila mmoja alidhani ni mwenzake.

Haikupita wiki giaboksi ikagoma. Spana aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, haoni kilichokatika. Ilipokubali, kwa kubahatisha tu, zikafuata springi. Asubuhi gari likakutwa limeinama upande mmoja wa nyuma, upande ule tu, na juu yake ngozi ya siti imebonyea. Bosi alipoigusa ilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka.

"Umeona mpangilio?" Spana aliuliza kwa sauti ya chini, akifuta mikono.

"Mpangilio gani?"

"Giaboksi kwanza, halafu springi. Vilevile ulivyomtajia yule mama. Cha tatu ulisema nini?"

Bosi alikikumbuka cha tatu, na alikumbuka mkono wake aliuweka wapi. Siku hiyo Spana alikusanya vifaa vyake, na simu ya Bosi hakuipokea tena.

Jioni, wakati wa kula, Chiriku alisema, "Baba, mbona yule babu wa nyuma hafungi mkanda?"

Mkewe Bosi alicheka. Bosi aliweka kijiko chini, akanawa, akaenda kutafuta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, na chumbani kwake kulikuwa na meza, viti viwili na feni ya dari. Hakutaka kuliona gari, aliomba ufunguo tu. Aliufumba kiganjani kwa muda mrefu, kisha akaurudisha mezani upesi na kufuta mkono kwenye nguo yake.

"Huyu siwezi kumfukuza," alisema. "Ni jini aliyekuwa na mzee. Mzee kila akifungua mlango alitoa salamu, hata akiwa peke yake, naye akazoea kusalimiwa, wakaishi kwa kusikilizana. Kile kiti anamwekea rafiki yake. Siku ile alikuwa siti ya nyuma, anakusikia unavyomdhulumu mke wa mwenzake. Hakupi kitu kingine ila uliyoyasema."

"Sasa anataka nini?"

"Rudisha gari. Uyafute maneno mbele ya yule mama kwa mdomo uleule, moja baada ya jingine, usibakize hata moja. Na mwanao asikanyage humo."

Kesho yake Bosi alimwacha Chiriku uani na mama yake, akaondoka na gari likichechemea. Nyumba ya mjane ilikuwa juu ya mteremko. Aliegesha, akavuta breki ya mkono, akaangalia mara mbili kama imeshika.

Mjane alimkalisha sebuleni, hakumpa hata maji. Bosi akaanza. Giaboksi ilikuwa nzima, alidanganya. Springi zilikuwa nzima, alidanganya. Kila neno lilimtoka kwa taabu, na lilipofika la tatu akautazama uso wa mama yule, akaona aibu, na zile hesabu zake za dukani zikamrudia: walau kosa moja likiwa la kweli, yeye hatakuwa mwizi kamili.

"Ila breki, mama, kusema kweli zilikuwa na kasoro kidogo."

Nje, mtu akasafisha koo.

Bosi aligeukia dirishani, akaona gari likijishusha polepole, kiti cha dereva kikirudi nyuma chenyewe mpaka mwisho, na kutoka nyuma ya siti, alikokuwa amejificha tangu nyumbani, Chiriku akiinuka na kukaa, akicheka na kuongea na mtu wa pembeni yake ambaye hakuonekana, halafu magurudumu yakaanza kuzunguka, kidogo kidogo kisha kwa kasi, kuelekea chini kwenye mtaro wa mawe, na Bosi alikuwa tayari mlangoni, kiatu kimoja kimemvuka, anakimbia nyuma ya gari asiloweza kulifikia, anamwona mwanawe kwenye kioo cha nyuma akimpungia mkono, naye anapiga kelele hadi sauti inakatika kwamba breki ni nzima, zilikuwa nzima tangu mwanzo, yeye ndiye mwongo, yeye ndiye mwizi.

Gari likasimama pale pale. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaanza kuning'inia juu ya mtaro.

Mjane alimkuta amekaa chini, amemkumbatia mtoto, analia bila kujificha.

"Tangu siku ile," mjane alisema, "mwanangu hapandi gari la mtu yeyote. Analia mpaka anatapika. Hilo nani atalifuta?"

Bosi alitoa ufunguo mfukoni.

"Acha ufunguo. Nenda na wako kwa miguu."

Karibu na nyumbani Chiriku akasema, "Babu ndiye aliyeniita nijifiche. Kasema yeye gari halitaki tena. Atakuwa anakusikiliza wewe."

Kwa muda Bosi alikuwa muuzaji mkweli kuliko wote mjini, na mauzo yake yakashuka. Lakini binadamu husahau. Mchana mmoja, duka limejaa, mteja mmoja alipapasa sofa akauliza kama ni ngozi kweli.

"Ngozi tupu, kaka," Bosi alisema, macho yakiwa kwa mteja mwingine. "Kwa uhai wa mwanangu."

Mteja alilipa. Sofa ikapakiwa kwenye pikapu, pikapu ikaondoka. Bosi alikuwa akinyoosha tai yake aliposikia harufu ya dawa ya kuchua. Nyuma yake mtu akasafisha koo. Aligeuka, na kwenye sofa iliyokuwa bado ndani ya nailoni, mahali palipokuwa patupu, nailoni ikabonyea polepole.

Alitoka mbio, tai ikimpiga usoni, akipiga kelele barabarani kwamba ni plastiki, ni plastiki tupu, amedanganya, huku wenzake wakimcheka mlangoni. Mbele yake pikapu ikakata kona na kushika njia ya chekechea ya Chiriku, na kengele ya kutoka ilikuwa imeshalia.