Funguo za Nyamburi

Kila asubuhi Nyamburi alisikika kabla hajaonekana, maana shingoni alivaa kamba yenye funguo nne. Alikuwa darasa la sita katika shule moja nje kidogo ya Butiama, na kila kazi ilikuwa yake: monita, mpiga kengele, mtunza kabati la vitabu, kiongozi wa kwaya, na sasa mlezi wa vifaranga. Ukimpa kazi nyingine, hakujua kusema hapana. Lakini ukimwomba ufunguo mmoja tu umsaidie, loo! Hapo hapana aliijua vizuri.

Vifaranga walikuwa thelathini, zawadi kutoka kwa bibi wa Brenda, rafiki yake Nyamburi wa dawati moja, ili siku moja wanafunzi wapate mayai. Waliishi katika stoo ndogo ya mabati. Jua likipanda, stoo ile ilichemka, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa lazima dirisha lifunguliwe na maji yawekwe.

"Nyamburi, unachoka," Brenda alimwambia. "Jana umesinzia kwenye hesabu. Nipe mimi vifaranga."

"Mwalimu kanichagua mimi," alijibu Nyamburi, akaficha funguo ndani ya sweta.

Ijumaa kwaya ilikwenda kushindana Musoma. Asubuhi hiyo Nyamburi alipiga kengele, akaita majina, akagawa vitabu, akakimbilia sare za kwaya. Dereva alikuwa anapiga honi. Brenda akamfuata mbio hadi kwenye gari.

"Niachie ufunguo wa stoo!"

"Wa nini? Nimeshafungua dirisha, na maji nimeweka!"

Wala hakusema uongo kwa kukusudia. Aliona kabisa akilini mwake dirisha likiwa wazi. Masikini, lile lilikuwa dirisha la jana.

Saa saba mchana, Musoma, waimbaji waligawiwa maji. Nyamburi akainua chupa, mkono ukaishia hewani. "Mungu wangu, vifaranga!" Mwalimu wa kwaya akapiga simu shuleni haraka. Mwalimu Stanislausi, msimamizi wa mradi, akavunja kufuli kwa nyundo. Ndani hewa ilikuwa kama ya tanuri. Vifaranga ishirini na wawili walikuwa wamekufa, wamerundikana kwenye bakuli kavu.

Nyamburi aliporudi jioni, alimkuta Brenda nyuma ya stoo, anafukia shimo kwa jembe.

"Uliniambia umefungua."

"Nilidhani nimefungua, Brenda. Kweli tena."

"Ulidhani! Unashikaga kila kitu, halafu unadhani. Mimi nikamwambie nini bibi?"

Nyamburi alilia, na Brenda hakumbembeleza. Walikuwa wanarudi nyumbani pamoja tangu darasa la kwanza. Siku hiyo kila mmoja alipita njia yake.

Jumatatu Mwalimu Stanislausi alimsimamisha Nyamburi mbele ya darasa. Akamwambia avue kamba, achague kazi moja tu. Nyamburi akaweka funguo mezani, mmoja mmoja. Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu ya kamba.

"Naomba vifaranga," alisema kwa sauti ndogo.

Darasa likaguna. Brenda akanyanyuka, akauchukua ufunguo wa stoo. "Huu nakaa nao mimi. Wewe utaleta maji."

"Sawa," alisema Nyamburi. Iliuma, lakini alikubali.

Mwalimu aligeukia darasa. "Mimi nilimrundikia huyu kazi kwa sababu ilinirahisishia mimi. Hilo ni kosa langu, na nimeshamwomba radhi bibi yake Brenda," alisema. "Lakini sikieni, wanangu. Kichwa kikijaa kazi nyingi, hakikumbuki hata moja sawasawa. Shika unayoiweza, uifanye kwa akili yako yote. Nyingine mwachie mwenzako, ukiwa bado na muda wa kumwachia."

Kesho yake Nyamburi alifika mapema, shingo tupu, ndoo mkononi. Hakuwa na kengele ya kupiga wala majina ya kuita. Alisimama mlangoni pa stoo akimsubiri Brenda. Brenda alifika, akafungua bila salamu. Nyamburi akasukuma dirisha, akalishika mara ya pili kuhakikisha, akamimina maji, kisha akahesabu. Walikuwa wanane.