Alama ya Rangi ya Kucha

Moyo wa Mzee Sadala Kapufi ulikuwa wa kauri, na haukujua kupiga wenyewe. Kila pigo liliagizwa hewani na kompyuta ya nyumba aliyolala, mapigo sabini kwa dakika. Wahandisi wa Tabora wa miaka ya 2090 walikiita chombo hicho kiongozamoyo, wakajisifu nacho mpaka wakachosha. Hawakuwa wamefikiria habari ya mwanamume mwenye wake wawili.

Mzee alikuwa mwadilifu, au ndivyo mji ulivyoamini. Akinunua kitenge, alinunua viwili. Miaka kumi na miwili nyuma, alipowekewa moyo, alinunua kompyuta mbili za aina moja, siku moja: moja ya Bi Nyamizi, mke mkubwa, nyingine ya Bi Rukia, ambaye hina ya harusi ilikuwa haijamtoka. Alikaa siku tatu huku, siku tatu kule. Sasa mashine zilikuwa kuukuu, na Idara ya Mioyo ilikuwa imetoa amri: kila nyumba iongeze kumbukumbu mpya katika kompyuta yake kabla ya saa kumi alasiri ya Alhamisi. Nyumba itakayoshindwa itafutwa kwenye orodha, na mgonjwa hatalala humo tena.

Ya Rukia ilikubali Jumatano, mara moja. Ya Nyamizi ilikataa.

Alhamisi saa nane mchana akafika Mhandisi Kalunde, mwanamke asiyetaka chai ya wateja wala hadithi zao. Mzee alilazwa sebuleni, akiishi kwa betri ya kifuani ambayo ingemshikilia saa tatu tu. Kalunde alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akasugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa raba ya shuleni, akairudisha mahali pake. Mashine ikatoa milio mitatu, maana yake haioni kumbukumbu yoyote. Akabadilisha kisanduku cha umeme. Milio mitatu. Akachomoa kila kilichochomoleka, akarudisha kimoja kimoja. Milio mitatu.

Nyamizi akasema, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kwamba yeye anajua, yule mwanamke ametia mkono wake. Kalunde akamjibu kwamba mashine haitengenezwi kwa kushuku watu. Alitaka mashine nzima ya aina ileile ili alinganishe, na Tabora nzima ilikuwa imebaki moja. Nyamizi hakuwahi kumwomba mke mwenzake hata chumvi, na sasa ilimbidi aombe kompyuta. Saa tisa akatuma ujumbe.

Rukia aliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye khanga.

"Nimeona niilete kwa mkono wangu, dada," alisema. "Siku hizi vya watu havirudi salama."

Hakukaribishwa kiti. Kalunde akatia kadi ya Nyamizi kwenye mashine ya Rukia, ikafanya kazi. Akatia kadi ya Rukia kwenye mashine ya Nyamizi. Milio mitatu. Basi kadi zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa ubao mama, lile bamba pana linalobeba viungo vingine vyote. Akafungua skrubu zake, akalitoa na kuligeuza. Kwenye kona palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha.

Wanawake wa Tabora huweka alama kwenye sufuria na sahani zao, zisije zikapotelea kwenye shughuli za watu. Alama ya Rukia ilikuwa rangi ya kucha. Ya Nyamizi, rangi ya buluu ya madirisha. Siku kompyuta zilipoletwa, kila mmoja alimwamuru fundi aweke alama yake nje na ndani, akihofia mwenzake atabadilisha. Kalunde akafungua mashine ya Rukia. Ubao wake ulikuwa na buluu.

"Mwizi," Nyamizi alisema.

Rukia aliapa kwa kaburi la mama yake, na uso wake ulionyesha kwamba kweli hakujua. Ndipo wale wanawake, kwa mara ya kwanza tangu waolewe na mtu mmoja, wakatazama upande mmoja. Walitazama kitandani.

Mzee alikohoa, akaona hapana pa kukimbilia. Mashine ya Rukia ilikuwa mbovu tangu dukani. Moyo uliruka mapigo, akawa anaanguka mbele ya bibi harusi. Basi Nyamizi alipokwenda matangani Urambo, yeye akaita fundi, mbao zikabadilishwa.

"Rukia alikuwa mgeni, niliona haya kuugua mbele yake," alimwambia Nyamizi. "Kwako sikuona haya, Mama Idi."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimwambia Nyamizi kwamba moyo unaruka kwa sababu ya mdomo wake. Naye aliamini. Aliweka kinu stoo, akaacha kuimba, akajifunza kusema kama yuko wodini. Mjukuu wake Siwema, aliyekuwa na miaka saba na kicheko cha kuamsha mtaa, alimpandisha treni ya Mpanda kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto alilia stesheni, akakulia huko, hakurudi.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Kalunde akauliza afanye nini, kwa kuwa ubao mzima ni mmoja na nyumba ni mbili.

"Dada, tafadhali," Rukia alisema.

"Mrudishie kila mtu chake," alisema Nyamizi.

Mashine ya Nyamizi ikatoa mlio mmoja, ikakubali. Rukia alifunga yake kwenye khanga, akaondoka akilia bila kuaga. Kalunde alikusanya bisibisi zake akijisikia vibaya, naye si mtu wa kujisikia vibaya.

Mzee akaomba uji, na dirisha lifungwe, amechoka. Nyamizi akatoa kinu stoo, akakiweka ubavuni mwa kitanda, akamimina mahindi. Akaanza kutwanga na kusema, kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, kuanzia mwaka wa harusi ya Rukia, jambo baada ya jambo. Mzee akashika kifua kama alivyozoea. Kalunde akatazama kioo cha mashine: sabini, sabini, sabini.

"Moyo mzima, Mzee," alimwambia. "Hauruki hata kidogo."

Akafunga mkoba wake. Nyamizi alikuwa bado hajafika kwenye habari za Siwema.