Kofia ya Kanku

Mama yangu mdogo, Fidélie, hapendi nisimulie habari hii, na mimi mwenyewe siipendi. Kanisani kwetu wakianza mambo ya wachawi huwa nabeba mkoba wangu na kuondoka, maana wengi wanaosimulia ni waongo na wanajijua. Lakini haya yalimkuta mtu wa nyumbani kwetu, hapahapa Kolwezi, na sehemu ya mwisho niliishika kwa mikono yangu. Basi nisikilizeni mara moja, kisha tusiulizane tena.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Fidélie alikuwa mlinzi wa makumbusho madogo upande wa Manika. Kazi yake ilikuwa kufungua milango asubuhi, kufagia na kuwakataza watu kushikashika vitu. Kampuni ya migodi ilikuwa ikididimia na mji mzima umenuna, lakini watu walikuja kwa wingi, kwa sababu kulikuwa na maonyesho ya kofia. Walicheka, wakashangaa, wakaita na jirani zao waje kuona.

Kofia zile alizitengeneza Mbelu, mbunifu wa mavazi, aliyezaliwa Kolwezi na wazazi walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Hazikuwa kofia za kwenda nazo sokoni. Moja ilibeba mnara wa mgodi uliosukwa kwa nyaya za shaba. Nyingine ilikuwa na mabawa mapana, hata aliyeivaa angelazimika kupita mlangoni kiubavu. Ndogo kuliko zote ilikuwa ya rafia, nyuzi za majani makavu, umbo la kuku aliyelalia mayai, na hiyo ilikuwa ya binti yake Mbelu, Kanku, mtoto wa rika moja na Abigaëlle, binti wa mama mdogo.

Mbelu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alilowesha rafia au sufu, akamvisha mtu kofia ikiwa bado inachuruzika maji, na mtu huyo akakaa uani mpaka imkaukie kichwani. Muda wote huo Mbelu alikaa mbele yake akimwita jina lake, taratibu, bila kuchoka, hadi sauti ikawa kama ya kubembeleza mtoto. Kwa hiyo kila kofia ilikuwa na mwenyewe, na chini ya kila moja palikuwa na kibao chenye jina. Mbelu alipomkabidhi Fidélie ukumbi, alimwomba jambo moja tu.

“Mama Abigaëlle, kila asubuyi uzisalimie na majina ya benyewe. Kofia yangu haipashwe kubakia bila jina.”

Fidélie alicheka, lakini kazi ya ulinzi ni ya upweke, na kusalimia hakumchoshi mtu. Kila asubuhi alipita na ufagio wake akitoa salamu ya Kikasai: “Moyo, Tata Ngeleka. Moyo, Mama Tshiela. Moyo, Kanku.” Kisha akaendelea kufagia.

Halafu maneno yakaanza redioni na mitaani. Watu wa asili ya Kasai warudi kwao, ingawa wengi wao kwao ni hapa na hawakuijua Kasai hata kwa picha. Nyumba zilivamiwa mchana kweupe. Waliokuwa wakiketi nasi benchi moja kanisani walifungasha masufuria na kukimbilia stesheni, wakalala kandokando ya reli wakingoja treni isiyofika. Waliowafukuza walikuwa watu wa kwetu. Naona aibu kulisema hilo, na nitaendelea kulisema.

Mbelu naye aliondoka, Kanku mgongoni, mtoto akiwa na surua na macho yamefumba. Alipita makumbusho mara moja tu, akasimama mlangoni, hakuingia.

“Utazisalimia?” akanong'ona.

“Nitazisalimia, Mama Kanku. Enda na Mungu.”

Muda si mrefu vijana wakaja na marungu. Walizunguka ukumbini wakisoma vibao. Mmoja akamwambia Fidélie kwamba wakirudi wakakuta jina hata moja la Kikasai, watachoma nyumba na yeye akiwa ndani. Hawakumgusa, kwa sababu walijua ukoo wake ni wa kaskazini mwa Katanga, jimbo letu hili. Wakatoka wakiimba.

Hapa ndipo mama mdogo alipokosea, na hadi leo siwezi kumlaumu. Aling'oa vibao vyote. Kisha akakumbuka alichoahidi: kofia zisibaki bila jina. Angeziachaje tupu? Akaandika majina ambayo hakuna kijana wa kuyachoma, majina ya watu wa nyumbani kwake. Kofia ya mnara, ya Tata Ngeleka, akaipa jina la mumewe, Stany. Ya Mama Tshiela akaipa jina lake mwenyewe. Na ile ndogo ya kuku, kwa kuwa ilikuwa ya mtoto, akaandika Abigaëlle. Aliona amefanya jambo la akili, ameokoa kofia na ameshika ahadi.

Asubuhi yake akazisalimia. “Moyo, Stany.” Akajicheka kidogo. “Moyo, Abigaëlle.”

Kofia ya kuku ikadondosha tone la maji. Rafia ile ilikuwa imekauka tangu mwaka uliopita. Fidélie alitazama dari, akaona haina unyevu. Akafuta sakafu kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Jioni, Stany alirudi akichechemea mguu wa kushoto.

“Umeumia?” Fidélie akamuuliza.

“Niumie wapi? Mi niko muzima.”

Alisema hivyo huku akivuka chumba, na mguu unaburuta. Hakujua kwamba anachechemea. Fidélie alimtania kwamba amezeeka kabla ya wakati, wakacheka wote wawili, wakala. Ni alipokuwa akiosha sahani ndipo alipokumbuka ni nani mwenye mwendo ule, mguu uleule, na bega kuinama vilevile. Ni Tata Ngeleka, aliyepondwa mguu mgodini zamani. Sahani ikamponyoka.

Kesho yake Abigaëlle hakuamka kucheza. Mwili ulikuwa moto. Vipele vilitokea nyuma ya masikio, vikashuka shingoni. Mama yake alipomfunua kichwa kumpangusa, aliona mstari umebonyea kwenye paji la uso, ukazunguka hadi kisogoni. Ni mstari wa kofia iliyobana. Mtoto huyo hakuwahi kuvaa kofia. Nywele zake zilikuwa zimelowa, zinakauka polepole, na zilinuka rafia.

Akashuka kumwangalia miguu. Nyayo zilikuwa nyeusi kwa masizi, na katikati ya vidole mlikuwa na changarawe za reli. Hakuwa ametoka nje tangu jana yake.

“Abigaëlle,” akamwita.

Akampapasa shavu.

“Abi. Mwanangu.”

Mtoto akafungua macho. Alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akasema kwa Kiluba cha Kasai, lugha ambayo hakuna aliyemfundisha: “Mamu, mâyi.” Anaomba maji. Lakini hakumwomba Fidélie. Alikuwa akimtazama mtu mwingine, nyuma ya bega lake.

Fidélie hakugeuka. Alimwachia Stany mtoto, akakimbia stesheni.

Ilikuwa saa za mchana, jua kali. Treni ilikuwa imefika hatimaye, na watu walikuwa wakipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo, godoro juu, mtoto juu, bibi akisukumwa. Alimtafuta Mbelu akiita kwa sauti ya chini, maana nyuso za watu wa kwetu hazikupendwa pale. Alitaka kumuuliza neno moja tu: nifanyeje? Akampata kando ya behewa, ameketi juu ya bunda lake.

Mapajani mwake alikaa Kanku. Anakula ugali.

Macho meupe. Ngozi safi. Anatafuna, anamtazama Fidélie, anatabasamu.

“Mama Abigaëlle!” Mbelu akasimama, akamshika mikono, machozi yanamtoka. “Ona mutoto! Juzi tulikuwa tunatafuta fasi ya kumuzika. Jana asubuyi homa ikatoka mara moja, sawa vile mutu alimuvua kofia. Mungu iko!”

Jana asubuhi. Ile saa ya salamu.

Fidélie alisimama pale. Kila alichokuja kuuliza kilikuwa kimejibiwa. Alijua la kufanya, na alijua likifanyika litamrudia nani. Alitaka kupiga magoti amwambie yote. Angemwambia nini? Kwamba mtoto wako ni mzima kwa sababu wangu anakufa, nami naomba uniruhusu nikurudishie ile homa? Hakuna mama wa kuulizwa hivyo.

“Na Abigaëlle?” Mbelu akauliza. “Iko muzuri?”

“Iko muzuri,” Fidélie akasema.

Kanku akampungia mkono. Fidélie naye akampungia.

Alirudi kwa miguu. Ameniambia kwamba njiani alisali apigwe na gari, ili uamuzi usiwe wake. Lakini magari yalimpisha. Alifika makumbusho, akafungua, akajifungia ndani. Ukumbi ulikuwa na joto. Kofia zote zilikuwa zimekauka isipokuwa ile ndogo. Ile ilichuruzika. Maji yalitoka chini ya mbawa za kuku, yakafuata ukuta, yakafika mlangoni kumpokea.

Alisikia mtoto akilia. Sauti ilitoka ndani ya kofia, mbali, kama mtoto aliyefungiwa chumba cha pili. Ilikuwa sauti ya Abigaëlle. Mama anaijua.

Akatoa vibao vya zamani. Ngeleka. Tshiela. Mbuyi. Akavirudisha vyote, kimoja baada ya kingine, na kila mara aliita. Kikabaki kimoja.

Stesheni, treni ikapiga honi.

Akakiweka.

“Moyo,” akasema. Kilio kikazidi. “Moyo, Kanku.”

Kilio kikakatika. Maji yakakoma. Na kisha, ndani ya kofia, mtoto mwingine akaanza kukohoa.

Fidélie alitoka bila kufunga mlango. Alimkuta Stany amesimama uani, anatembea sawasawa, na Abigaëlle yuko mlangoni anaomba uji. Alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumizwa. Msiniulize kama alifurahi. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo anayoiungamia kila Pasaka.

Habari zililetwa na Kazadi, mfanyakazi wa reli. Kanku alizidiwa ndani ya behewa, ghafla, akiwa na kipande cha ugali mkononi. Alikufa kabla ya kufika stesheni ya Tenke. Treni iliposimama walimzika kando ya reli kwa haraka, bila jeneza, na Mbelu akaendelea na safari kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kubaki.

Makumbusho yalichomwa vilevile. Fidélie aliokoa kofia moja tu.

Mimi nilikuja kuiona baada ya miaka mingi. Abigaëlle sasa ana watoto wake, anaishi Kasaji, na hajui lolote. Nilikuwa nimemtembelea mama mdogo, naye baada ya chakula akafunga mapazia na kutoa sanduku kubwa chini ya kitanda. Nilimuuliza kwa nini sanduku kubwa hivyo kwa kofia ya mtoto mdogo. Akafungua.

Ilikuwa kuku yuleyule wa rafia, amelalia mayai. Lakini ilikuwa kubwa. Niliigeuza nikitafuta kiraka, mshono mpya, mahali ambapo mtu ameongeza. Hapakuwa na kitu. Mimi ni mshonaji, nisingeshindwa kuona. Nyuzi zilikuwa zilezile za mkono mmoja, kutoka utosini hadi ukingoni. Nikaijaribisha kichwani kwangu kabla mama mdogo hajanizuia. Ilinitosha barabara.

Nikaivua haraka.

“Nani anaiongeza, mama?”

“Hakuna mutu,” akanong'ona. “Inakomaa pamoja na Abigaëlle, sawa vile Kanku angekomaa. Mwaka Abigaëlle alianza masomo, inakomaa. Alipoolewa, inakomaa. Hii njo sanduku ya ine, ile tatu ya kwanza ilikuwa ndogo.”

Aliichukua mikononi mwangu, akaipangusa kwa kiganja, taratibu, akaanza kutoa kitu kilichonasa ndani ya rafia. Alikivuta, akakiinua kwenye mwanga uliopenya pazia. Ulikuwa msuko mrefu wa nywele, mweusi, umesukwa vizuri kama wanavyosuka wanawake siku hizi. Karibu na shina, unywele mmoja ulikuwa umeanza kuwa mvi.