Kiti cha Lukasi

Mimi sipendi uchafu. Mtaani kwetu Kilakala wote wanalijua hilo, na wanaonisema kwamba nafua mpaka kamba ya kuanikia nguo waendelee kusema. Kwa hiyo mkiona natema mate katikati ya maneno, mnisamehe. Haya niliyopitia siwezi kuyasimulia bila kutema.

Mkwe wangu Athanas, mume wa binti yangu mwalimu, Winfrida, ni mtu wa Moshi na ni fundi mzuri. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kiliuzwa miaka ile ya soko huria, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na mafao yake. Wenzake walifungua maduka ya mitumba, wengine wakanunua mashine za kusaga. Athanas alinunua pikipiki mbovu. Halafu akanunua nyingine. Pikipiki za Waingereza, za kabla ya uhuru, zilizokuwa zimelala kwenye mabanda ya kuku huko mashamba ya mkonge. Kumbe alikuwa na wenzake! Walikuwa na chama kabisa, na mwenyekiti wao alikuwa Abdi, muuza vipuri wa mjini. Kila Jumapili uani kwa binti yangu palijaa wanaume wazima wamechuchumaa, wanazipangusa hizo pikipiki kwa vitambaa laini ambavyo watoto wao hawakuwahi kufutwa navyo kamasi.

Nilikuwa nawacheka tu, sikuwa na ubaya nao. Kila mwaka watu wa Dar es Salaam na Nairobi walikuja na za kwao, wakazunguka mji kwa msafara, ngurumo zikasikika mpaka Mazimbu, kisha uwanjani kukawa na mnada. Athanas aliniambia, macho chini kama mkwe mwenye adabu, kwamba siku hizi wageni wanazitafuta takataka hizo kwa udi na uvumba.

"Ila mama, wanataka kila kitu kiwe cha asili," alisema. "Ukibadilisha hata taa, wanakunja uso."

Cha asili. Neno hilo ndilo lililotuponza.

Abdi alisikia kuna pikipiki huko milimani, upande wa Kinole, iliyoachwa na marehemu mmoja aitwaye Lukasi, karani wa zamani wa mkonge. Dada yake, bibi Eufrazia, ndiye aliyebaki nayo. Kwa kuwa bibi ni Mluguru kama mimi, Athanas alimtuma Winfrida aniombe niwasindikize. Nilikubali. Nilitaka pia kuleta ndizi na maharage ya mlimani.

Tulimkuta bibi Eufrazia akimenya mihogo mlangoni. Tukamwamkia, akaitikia, akatuonyesha banda la uani. Pikipiki ilikuwa imeliwa na kutu. Kuku walikuwa wamechafua tangi, wamechafua usukani, wamechafua mpaka taa. Kiti tu ndicho hawakukigusa. Kilikuwa cheusi, laini, kinang'aa, hakina hata ufa, utadhani kimepakwa mafuta asubuhi hiyo.

Athanas alikipapasa, akarudia tena.

"Chuma chukueni," bibi Eufrazia alisema. "Kiti mniachie."

"Bibi, bila kiti chake haina maana."

Bibi alinivuta pembeni, akaanza kuninong'oneza kwa Kiluguru. Alisema kaka yake alipofariki, watani walioingia kumwosha, wale ambao kwa mila ndio hushika maiti, walitoka mmoja mmoja wakitapika. Huku nyuma, kuanzia kiunoni mpaka mapajani, Lukasi hakuwa na ngozi. Hapakuwa na damu wala kidonda. Ngozi haikuwepo tu.

"Kaka yangu hatukumzika wote," alisema.

Nikamuuliza, sasa iliyobaki iko wapi? Akakitazama kile kiti. Mwenzenu mwili wote ulinisisimka.

Nilirudi kwa Athanas nikamwambia kwa ukali, kiti kibaki. Alikubali upesi mno, nami mjinga sikushtuka. Akatoa spana zake, akakifungua, akakitia kwenye gunia, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri. Tukaagana, tukashuka mlima.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Winfrida baada ya misa. Pikipiki ilikuwa uani, imeshasafishwa, na juu yake kimekaa kiti kile kile. Athanas alikuwa amebadilisha. Ndani ya gunia la bibi alitia kiti kipya cha rexin, ile ngozi ya bandia, alichotoka nacho dukani kwa Abdi akidhani cha zamani kitakuwa kimeoza.

"Nimempa kipya, mama," aliiambia ardhi. "Hajapoteza kitu."

Loh! Niliwaka. Nilimweleza Winfrida yote aliyoninong'oneza bibi, naye akacheka kidogo, kile kicheko cha walimu. "Mama, hayo ni mambo ya wazee." Nikaaga, nikaenda zangu. Mkwe si mtu wa kugombana naye, na nyumba si yangu.

Basi Athanas akawa haendi popote ila juu ya pikipiki hiyo. Sokoni, kanisani, mpaka barabara ya Dodoma alikwenda nayo kuizoeza kabla ya msafara. Wenzake wa chama wakawa wanakuja kukipapasa kiti. Abdi aliapa kwamba tangu aanze kuuza vipuri hajaona ngozi ya namna ile, inazidi kuwa laini kila wiki.

Asubuhi moja, mwezi wa baridi, niliwapelekea mchicha. Geti lilikuwa wazi. Athanas alikuwa uani amepiga magoti, pembeni ana beseni la maji, sabuni na wembe. Alikuwa ananyoa.

Alikuwa ananyoa kile kiti.

Povu lilikuwa limejaa vinywele. Vifupi. Vyeusi, na vyeupe vichache. Alifuta wembe kwenye kitambaa, akaendelea taratibu, akivuta ngozi kwa kidole gumba kama wafanyavyo vinyozi shingoni.

"Athanas, unafanya nini?"

Akaruka. "Ni nyuzi, mama. Ngozi za zamani hutoa nyuzi."

Nilinyoosha kidole nikagusa. Palikuwa kivulini, na umande bado. Kiti kilikuwa cha moto. Kilikuwa na joto lile la kwapa la mtu aliyelala. Athanas akachota maji ya baridi akakimwagia kusuuza povu. Nikaona. Ngozi ya kiti ilisisimka. Vipele vya baridi vikatoka juu yake, kimoja kimoja, mpaka vikaenea.

Nilitapikia mchicha wangu.

Siku hiyo nilimuuliza Winfrida swali ambalo mama hamuulizi bintiye. Nilimvutia jikoni nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mumeo akivua nguo, nyuma yukoje?"

Mwanangu akaanza kulia. Akasema Athanas analala kifudifudi. Shuka zinamganda. Walikwenda hospitali, wakapewa dawa ya kupaka, wakaambiwa amechubuliwa na safari. "Lakini hakuna damu, mama. Ni pekundu tu, panang'aa. Kila akishuka kwenye pikipiki panaongezeka. Sasa pamefika mgongoni."

"Mwambie aache."

"Nimempigia magoti. Anasema baada ya mnada."

Hapo ndipo nilipoelewa tunachopoteza. Binti yangu alikuwa anakaribia kuwa mjane akiwa bado kijana, kwa sababu ya mapenzi ya chuma cha kutu. Nilisali, nilifoka, nikamtuma Abdi akaseme naye. Abdi alirudi akisema jamaa amekataa kata kata, kiti ndicho kinachobeba bei. Wiki ya mnada Athanas hakuweza tena kusimama. Alilala kwa tumbo, homa imempanda, inzi wanatua kwenye shuka hata tukiwafukuza, na kila akizinduka alisema neno moja. "Kiti msikibadilishe."

Siku ya mnada Abdi alikuja akaichukua pikipiki kwa niaba ya mgonjwa. Nilijua. Kiti kile kikienda Nairobi, kitakwenda na Athanas ndani yake, na sisi tutabaki na mfupa wa kuzika. Nilijifunga kanga mbili nikaenda uwanjani kwa miguu.

Uwanja ulikuwa umefurika, mchana kweupe, bendi ya tarumbeta inapiga, watoto wanauziwa barafu za rangi. Pikipiki ya Lukasi ilikuwa mstari wa mbele. Mzee mmoja wa Nairobi mwenye kofia ya ngozi alikuwa ameinama juu yake, anatabasamu, anakipigapiga kiti kwa kiganja. Nilimsukuma. Ndiyo, nilimsukuma, na umri wangu huu.

"Abdi, fungua kiti hiki."

"Mama, jamani, si mbele za watu. Mgeni keshasema ananunua."

"Weka mkono wako hapa. Weka, halafu uniambie."

Aliuweka ili kunituliza. Muda huo inzi akatua kwenye kiti. Kiti kikatetemeka pale pale alipotua, kama ng'ombe anavyotetemesha ngozi ya mbavu. Inzi akaruka. Abdi akaondoa mkono wake, akautazama, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena. Yule mzee wa Nairobi naye aliona. Alirudi nyuma, akawa anatafuta njia ya kutokea.

Abdi alitoa spana mfukoni na kukifungua mwenyewe. "Chukua, mama," alininong'oneza. "Kitoe hapa."

Nilidandia pickup ya watu wa ndizi inayorudi Kinole tupu. Iliponishusha nilibaki na mlima, na mlima ule unataka mikono miwili ya kushikia. Nilikifunga kiti mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Nilikosa njia nyingine. Mungu wangu, natamani ningekiburuta kwa kamba.

Kilikuwa kizito. Kilikuwa kinatoka jasho. Jasho lilipenya kanga, likapenya blauzi, likanishika mgongo na kuteremka mpaka kiunoni, na si langu, langu nalijua. Lilinuka mgonjwa. Nilipanda nikisali rozari kwa sauti ili nisisikie. Maana kulikuwa na kitu cha kusikia. Kila nikivuta pumzi, nyuma yangu kilikuwa kinavuta pia. Nikisimama, kinaendelea.

Katikati ya mlima kikapungua uzito. Ghafla. Halafu kikapoa. Nikasema basi, Athanas amekufa. Nikalia huku napanda, natema mate, napanda.

Bibi Eufrazia alikuwa mlangoni, utadhani aliambiwa. Alinifungua kanga, akakipokea kiti, akakinusa, akakilaza kifuani. Machozi yakamtoka.

"Karibu, kaka."

Kiti kilikuwa kikavu, baridi, hakina unywele hata mmoja. Bibi alikipapasa chote, juu na chini, kisha akanitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama nyuma ya bega langu.

"Huyu ni Lukasi peke yake," alinong'ona. "Yule mwingine ameshuka njiani."

"Ameshuka wapi, bibi?"

Aliniambia nikaoge.

Nililala kwake, na kulipokucha nikateremka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Winfrida, tayari kukuta turubai la msiba. Nikamkuta Athanas amekaa. Amekaa, jamani! Yuko kwenye kochi, anakunywa uji, akaniamkia kwa sauti nzima. Winfrida alinivuta chumbani akanong'ona kwa furaha kwamba ngozi imerudi yote tangu jana jioni, laini kama ya mtoto mchanga. Nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Bikira Maria. Nikaelewa maneno ya bibi. Ameshuka njiani, akarudi kwake. Abdi aliiuza pikipiki kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyeililia.

Mgongo ndio ulianza kuniwasha. Nikadhani ni kanga iliyonisugua. Nikajipaka mafuta ya nazi, ukazidi. Jumamosi moja nikamwomba Winfrida aje anisugue kwa dodoki, mahali mkono wangu haufiki.

Alisugua huku anaongea habari za shule. Kisha dodoki likasimama.

"Mama. Kovu hili umelipata wapi?"

"Kovu gani? Sina kovu mgongoni."

Kidole chake kikanigusa chini ya bega la kulia. Kilizama kidogo, kwenye kishimo.

"Alidungwa sindano ya kwinini akiwa shuleni," alinong'ona. "Ikatunga jipu, likapasuliwa. Kovu lilikuwa kwenye tako la kulia. Kwake sasa halipo, nilidhani limepona na mengine."

Nilikaa kwenye kigoda cha bafuni, maji yanapoa, bila kuuliza anamsema nani.

Nimejisugua kwa jivu. Nimejisugua kwa magadi, kwa jiwe la kusugulia miguu, mpaka damu, ngozi ikapona ile ile. Mimi mama mkwe, ambaye sijawahi kumpa mkono mwanaume yule bila kuufunika kwa ncha ya kanga. Ngozi hiyo inaota vinywele. Winfrida huja kuninyoa, na tukiwa tunafanya hivyo hatutazamani.

Athanas hajui. Ni mzima, ananenepa, ana adabu kama zamani, na kila Jumapili hupita kunisalimia akitoka kanisani. Kuna kiti kizuri cha mbao pale barazani kwangu, lakini simkaribishi. Namwambia nina haraka, asimame tu tuongee. Akikaa, nahisi mgongoni.