Kanda Iliyochakaa Zaidi

Fundi cherehani yule haamini nguo mpaka aigeuze aone mishono ya ndani. Muuza uzi akisema rangi haichuji, yeye huuloweka kwanza. Na kwa watu ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo binti yake alipoanza kutoka kila Jumanne na Alhamisi, nywele amechana na daftari kwapani, fundi aliona hapo kuna jambo.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna kazi najifunza."

"Haya," alisema fundi, lakini moyoni hakukubali. Jioni binti alipokwenda kuoga, alipekua begi lake. Akakuta fomu ya chuo. Mafunzo ya tiba ya muziki, miaka minne. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa. Fundi aliikunja akaiweka chini ya cherehani.

Tiba ya muziki! Nyumba hii ilikwisha kuionja tiba hiyo. Miezi mitatu nyuma, wifi yake fundi, anayeishi nao, alipata kiharusi. Mkono mmoja ukalegea na maneno yakagoma kutoka. Binti alimhurumia sana shangazi yake. Akafungua sanduku la shangazi la kanda za muziki za zamani, akachagua ile iliyochakaa zaidi. Alidhani ndiyo shangazi anayoipenda kuliko zote. Akajifunza wimbo wake kwenye kinanda, akampigia.

Shangazi alilia mpaka akaangusha kikombe. Ule ndio wimbo aliousikiliza mwaka mzima baada ya kumzika mumewe. Binti hakujua, alikuwa hajazaliwa. Tangu siku hiyo shangazi akiona kinanda hugeuza uso ukutani. Fundi alikichukua akakiweka juu ya kabati.

Alhamisi ilipofika, fundi alimwomba jirani amwangalie wifi yake. Kisha akamfuata binti kwa mbali mpaka hospitali, mpaka chumba cha mwisho kwenye korido. Alichungulia dirishani. Alimwona mzee kwenye kiti cha magurudumu, na mwanamke wa makamo anamgongea mdundo mkononi taratibu huku akiimba. Binti yake alikaa pembeni, anaandika tu.

Mara yule mwanamke akamwona, akavuta pazia.

Fundi akazidi kushuku. Mtu mwenye kazi safi anafunga pazia la nini? Akasimama palepale, mikono kiunoni, mpaka mzee alipotolewa, kisha yule mwanamke na binti wakatoka nyuma yake. Binti alipomwona mama yake alitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, huyu ni mama yangu."

"Mnaficha nini humo?" aliuliza fundi.

"Karibu, mama. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Mteja akija kupimwa gauni, huvuti pazia?"

Fundi alishusha mikono. Lakini hakuwa amemaliza.

"Binti yangu alimpigia wifi yangu wimbo, akamliza. Hiyo ndiyo tiba mnayofundisha?"

"Hiyo si tiba. Alikata kitambaa bila kumpima mtu."

Binti aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana nilikuja hapa, mama. Nilimuumiza shangazi. Nilitaka kujua nimekosea wapi."

Fundi alimtazama. Hilo hakulitarajia, na lilimchoma.

"Sasa miaka minne ya nini?" aliuliza, sauti imeshuka kidogo. "Kupiga kinanda anajua."

"Kinanda ni sehemu ndogo," alisema mwalimu. "Atasoma mwili na ubongo. Atajifunza huzuni inavyomkaa mtu, na namna ya kumsikiliza asiyeweza kusema. Atajifunza kutunza siri za wagonjwa. Kisha atafanya kazi nao, msimamizi akimwangalia. Na hatumwondolei mgonjwa dawa wala mazoezi yake. Tunashirikiana na madaktari."

"Mshono wake ukienda kombo, nani anaufumua?"

"Msimamizi. Anaufumua mbele yake, naye anaanza upya."

"Nimeona tangazo la cheti cha wiki mbili."

"Hao waulize maswali matatu. Chuo kimesajiliwa? Nani anafundisha? Wanafunzi wanafanya mazoezi na wagonjwa wapi? Wakianza kuzungukazunguka, ondoka. Na sisi tuulize hayo hayo."

Fundi aliyauliza palepale, moja moja. Akaonyeshwa karatasi ya usajili, akaigeuza na nyuma. Hata hivyo alirudi nyumbani bila kusema atatia sahihi.

Ijumaa asubuhi alikishusha kinanda kutoka kabatini, akakiweka mbele ya binti yake.

"Haya, mpigie shangazi yako."

Ulikuwa mtego. Binti hakukigusa. Alikwenda kupiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, shangazi. Unataka muziki leo?"

Shangazi aligeuza uso ukutani.

"Sawa, shangazi." Binti alikitoa kinanda nje ya chumba, akarudi, akakaa naye huku akimshikia kikombe cha chai.

"Mbona hukupiga?" fundi alimuuliza baadaye mlangoni.

"Amekataa, mama."

Fundi alikwenda kwenye cherehani, akaitoa fomu, akatia sahihi. "Kimbia, ofisi zisije zikafungwa."

Mwaka wa pili wa masomo, daktari alikubali shangazi ajaribu tiba hiyo, na shangazi mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Binti akaanza kufanya naye mazoezi, msimamizi wake akiwa chumbani. Kila mara sanduku la kanda liliwekwa kitandani, shangazi achague. Ile iliyochakaa aliisukuma kando kila mara. Alichagua nyimbo nyepesi, akazigonga kwa vidole. Baada ya wiki nyingi akaanza kuguna pamoja nazo.

Siku moja fundi alikuwa anashona chumba cha pili. Akasikia wimbo, na ndani ya wimbo sauti nzito inayokwama kwama.

"Wi... fi."

Fundi alisimamisha cherehani. Akaenda mpaka mlangoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamwangalia binti yake, akamwangalia msimamizi, kisha wifi yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa ameamini bado.

"Hebu rudia," alisema.

Wifi yake alirudia.