Boksi Lililokwenda Mombasa

Agosti ya 2014, wiki ambayo wazazi wote wa Dubai hukumbuka kwa pamoja kwamba shule zinafunguliwa, duka la vitabu la kule Al Barsha lilikuwa halina pa kuweka mguu. Katikati ya msongamano huo alisimama Khairiya, buibui lake limetariziwa uzi wa zambarau mikononi, uso umekunjamana, vitabu viwili vya kemia kifuani. Aliuza manukato ghorofa ya chini ya jumba hilohilo, na mapumziko yake yalikuwa yanakwisha.

"Hicho cha kijani kiweke, dada. Kitakuvunja mkono."

Aligeuka. Mwanamume mrefu wa kanzu ya rangi ya maziwa alikuwa anamtazama kwa tabasamu, kofia ya vito kichwani, kalamu nene nyekundu mfukoni.

"Umejuaje nasikia Kiswahili?"

"Ulivyosema 'yarabi' ulipokifungua. Hiyo ni ya Mombasa wallahi."

Khairiya alicheka bila kutaka. Yule bwana akajitambulisha: Fawaz, wakala wa kago huko Deira, kaja kuchukua vitabu vya mteja wa Kisauni. Na Khairiya, ambaye si kawaida yake kuzungumza na watu asiowajua, akajikuta anamweleza kila kitu.

"Namsomesha binti yangu nyumbani. Natafuta mtaala wa sayansi wa sekondari, lakini vyote hivi vyataka mama akeshe akiandaa somo. Mara nunua asidi, mara chora chati. Mimi nasimama dukani kutwa! Nataka mtoto afungue, aambiwe fanya hiki, kisha hiki, vifaa vimo, majibu yako nyuma."

"Yaani wataka mtaala usiokuhitaji."

"Usionisumbua. Kuna tofauti, kaka."

Alitania, lakini roho yake ilikuwa juu. Shule ya Shifaa, bintiye, ilikuwa imefungwa moja kwa moja, na baba yake mtoto, waliyeachana naye zamani, alikuwa ametoa neno lake: ikifika Idi kubwa binti hajaanza sayansi ya maana, anarudi Malindi kwake. Shifaa alikuwa na miaka kumi na mitano, anataka kuwa mfamasia, na ndiye peke yake aliyemfanya Khairiya acheke afikapo nyumbani.

Wakaanza kupigiana simu, kwa sababu ya mtaala, ati.

"Nimeupata!" Khairiya alisema jioni moja. "Wa Marekani. Video, kitabu, na boksi la majaribio. Wameandika mzazi haandai chochote."

"Hata chai?"

"Chai utaandaa wewe."

"Nitaiandaa, laazizi. Na iliki nitatia."

Khairiya alihamisha simu sikio la pili. Lile neno 'laazizi' lilikuwa limempata mahali pake.

Kwa kuwa posta ya Dubai haigongi hodi nyumbani kwa mtu, Fawaz alimpa sanduku la posta la ofisi yake. Siku ya kwenda kulipia boksi hilo walikunywa karak, chai nzito ya maziwa, huko Deira, jua la alasiri kwenye vikombe. Fawaz alimwona alivyochoka, miguu ameitoa kwenye viatu chini ya meza, akaingiwa na huruma.

"Kwani usimpeleke Shifaa kwa mama yangu Mombasa? Asome shule ya kawaida, nawe upumzike."

Alikusudia wema. Lakini maneno yale yalimchoma Khairiya, maana yalifanana mno na ya baba yake Shifaa. Alivaa viatu, akasema kazi inamngoja.

Boksi likafika. Sasa, ofisini kwa Fawaz hakuna kitu kinachoingia kukaa. Kila boksi linalovuka mlango ule linakwenda Mombasa, na mkono wa Fawaz ulikuwa umeshazoea: kalamu nyekundu, MOMBASA, weka kwenye rundo. Hakusoma jina. Alipokuja kuuliza posta boksi la Khairiya liko wapi, kontena lilikuwa limeshaondoka.

Alimpigia Khairiya akiwa na kigugumizi.

"Umelipeleka wapi?"

"Mombasa. Kwa bahati mbaya, Khairiya, nakuapia..."

"Kwanza vitabu, kisha mtoto, sivyo? Mlishapanga na baba yake. Khalas, Fawaz."

Akakata simu. Alilia chooni kazini, akanawa, akarudi kuuza manukato. Tangu hapo akawa hapokei simu zake. Akirudi nyumbani alijaribu kumfundisha Shifaa atomu kwa karatasi alizochapisha, akasinzia katikati ya elektroni, na Shifaa akamfunika shuka. Idi ilikuwa inakaribia, na baba mtu alishapiga simu kuuliza.

Fawaz hakukaa kimya. Alimpigia mama yake, Bi Ummulkheir, akamweleza yote bila kujitetea. Bi Ummulkheir akaenda mwenyewe bandarini kulitafuta boksi, akampa msafiri aje nalo kwa ndege.

Siku mbili kabla ya Idi, Fawaz aligonga mlango wa Khairiya, Al Barsha, boksi begani, jasho limelowesha kanzu. Mlango ukaachwa wazi kama ada.

"Sikupanga na mtu," alisema. "Nimezoea kwamba kila kitu kinarudi kwetu. Shifaa akae na mamake. Nilikosea kusema vile, na najuta."

Shifaa alikuwa ameshapasua utepe wa boksi. Bika za kioo zilikuwa zimefungwa kwa leso mpya za waridi, pembeni limebanwa kopo la halua, maana Bi Ummulkheir ndiye aliyemfundisha mwanawe kwamba boksi halisafiri na nafasi tupu. Ndani ya bomba moja la kioo, juu ya pamba, ilikaa pete ya dhahabu.

Fawaz alikodoa macho. "Wallahi hiyo sikuiagiza mimi."

"Kwa hivyo si yako?" Khairiya aliuliza, sauti imelainika.

"Pete ni ya mama. Kukutaka ndiko kwangu. Nakupenda, Khairiya, tangu ile 'yarabi' yako."

Shifaa alikuwa ameshawasha kompyuta, miwani ya plastiki usoni, somo la kwanza linaendelea.

"Mama, imeandikwa hapa mzazi hahitajiki," alisema bila kugeuka. "Nendeni mkazungumzie mlangoni, nasoma."

Khairiya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Haya yalikuwa mengine, si yale ya kazini. Kisha akajitanda leso moja mabegani, akamtazama Fawaz.

"Kalamu yako unayo?"

"Ninayo."

"Basi andika namba ya kaka yangu, Hashir. Yuko Mombasa. Mama yako amwendee kwa posa kabla halua haijaisha."

Fawaz hakuwa na karatasi. Aliiandika namba juu ya boksi, chini ya neno MOMBASA, na kwa haraka yake akakosea tarakimu, hata Khairiya akalazimika kuirudia.